Karani Anayekimbia

Jumatatu, 4 Agosti

Siku mbaya. Mbaya sana! Naibu chifu Gibson alipita kibandani asubuhi, akasimama mlangoni, akaziangalia televisheni zangu na vijana waliokuwa wakicheza kandanda ya kwenye skrini, akatikisa kichwa. Akasema Ijumaa kuna baraza pale kwenye kituo cha kununulia chai, na jambo la kwanza ni mimi. Wazazi wamelalamika. Shule zimefungwa, majani yamekomaa mashambani, na watoto badala ya kuchuna chai wanashinda kwa Noah Onsongo wakibonyeza vidude. Huenda kibanda kikafungwa.

Kifungwe! Kibanda changu! Bila kibanda mimi ni nani hapa Sosiot? Kijana wa mama Mongina asiye na kazi, basi. Nitarudishwa shambani, na mgongo wangu haukuumbiwa kikapu.

Najua ni nani aliyewachochea. Ni Kipkemboi, karani wa kituo. Huyu ndiye anayepima majani yetu, na ndiye anayeyakataa. Mwezi jana alimwaga gunia la mama yangu mbele ya watu, eti majani ni magumu. Sasa anakitaka chumba hiki ninachokodi afungue duka la dawa za mifugo. Mwenye nyumba aliniambia mwenyewe. Na kinachoniudhi zaidi ni tabasamu. Kipkemboi humwaga majani ya watu huku akitabasamu.

Nilimjibu naibu chifu papo hapo, bila kufikiri, kama kawaida yangu. Nikasema hapa si mahali pa mchezo, ni mahali pa elimu. Nikasema natengeneza gemu ya kuwafundisha vijana kuchuna chai. Nimeianza kitambo. Nitaionyesha barazani hiyo Ijumaa. Alishangaa. Akasema ikiwa ni kweli, atafikiria upya. Ikiwa ni uongo, nitoe televisheni zangu siku hiyohiyo.

Sijaanza gemu yoyote. Sijui hata inaanzia wapi. Niliwahi kusoma kozi ya bure mtandaoni, nikafika somo la tatu, bando likaisha.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepona! Binamu yangu Kemuma, anayesomea kompyuta chuoni kule Bomet na yuko nyumbani kwa likizo, amenionyesha kitu kinaitwa Tinda. Ni stoo kubwa mtandaoni, imejaa vipande vya gemu ambavyo watu wa dunia nzima wameshaviandika. Mlango unaofunguka ukiukaribia. Kikapu kinachohesabu vinavyoingia. Mnyama anayemfuata bwana wake. Anayetengeneza gemu hana haja ya kuandika kila agizo kutoka mwanzo. Anachukua kipande, anakibandika panapohitajika, anaendelea na safari. Na ni bure! Nilimuuliza Kemuma tena na tena. Bure kabisa, na maagizo yenyewe yako wazi, anayetaka kuyasoma anayasoma. Watu wengine hawajui biashara.

Kemuma akasema kuna masharti madogo. Uache majina ya walioandika yaonekane mwishoni mwa gemu. Na ukigundua kasoro, au ukirekebisha kitu, uwaambie, ili mwingine naye afaidike. Nikamwambia nimesikia. Kusikia si kukubali.

Alipoenda kukamua ng'ombe nikayafuta majina yote, ya watu wa Ufilipino na kwingineko. Mahali pake nikaandika: Imebuniwa, imeandikwa na kukamilishwa na Noah Onsongo, Onsongo Global Studios. Inapendeza! Nani hapa Sosiot atamuulizia mtu wa Ufilipino?

Leo pia risaga ilikuwa kwetu. Hii ni desturi ambayo mama alikuja nayo kutoka Kisii, na majirani wakaipenda. Watu wanakusanyika na majembe yao, wanalima shamba la mmoja, siku nyingine la mwingine, hakuna anayelipwa, unawapikia tu. Walikuja wakapalilia chai yetu yote. Hata Kogo Rodah, yaani nyanya Rodah, alikuja, yule bibi Mkipsigis jirani yetu, ambaye umri wake haujulikani lakini jembe lake linajulikana. Mimi nilikuwa kibandani na kazi muhimu. Nilifika wakati wa ugali. Mama akanitazama, akanikumbusha kwamba Alhamisi ni zamu ya Kogo Rodah, na mimi ndiye nitakayekwenda kwa niaba ya nyumba yetu. Nikasema ndiyo mama, huku nikiongeza mboga.

Jumatano, 6 Agosti

Gemu inakwenda! Kufikia saa nne nilikuwa na mashamba, kilima, ng'ombe, na mchunaji mwenye kofia. Kikapu cha Tinda nikakibandika mgongoni mwake. Kinahesabu kila kinachoingia. Anachuna, kinahesabu. Kikijaa, kengele inalia na maandishi yanatokea: HONGERA, MKULIMA BORA! Sikuhitaji kubadilisha chochote. Mama alichungulia, akauliza kama hicho kikapu kinajua majani mazuri na majani mabaya. Nikamwambia hayo ni mambo madogo madogo, yataangaliwa baadaye.

Nilihitaji karani wa kupokea majani, na mizani yake. Hapo nikapata wazo tamu! Nilipeleka gunia la mama kituoni, na Kipkemboi alipoinua uso kutoka kwenye mizani, nikampiga picha kwa simu. Akauliza napiga nini. Nikasema napiga picha ya mawingu. Hakukuwa na wingu hata moja. Sasa karani wa gemu ana mwili mfupi wa katuni, na juu yake kichwa kikubwa cha Kipkemboi pamoja na lile tabasamu. Nilicheka peke yangu hadi vijana wakauliza kama niko sawa. Nikambandikia kipande cha kupokea: akigusana tu na mchunaji, kikapu kinamwagika.

Kisha mbwa. Shamba bila mbwa si shamba. Nikachukua kipande kinachoitwa Mfuasi, ili mbwa amfuate mchunaji kila aendako. Nikabandika. Nikawasha. Mbwa akaketi. Kipkemboi akatoka kituoni, akaruka ua, akaanza kumkimbiza mchunaji.

Nikakitoa kipande, nikakirudisha. Sasa wote wanakimbia! Mbwa, ng'ombe, karani, hata mizani. Mizani inarukaruka juu ya chai na ndoano yake ikining'inia. Jasho lilinitoka. Kufikia saa ya kufunga nimeituliza mizani. Ng'ombe naye ametulia. Mbwa hamfuati mtu yeyote. Ni Kipkemboi tu anayefuata. Nikimfuta anarudi. Huyu mtu hata ndani ya kompyuta yangu mwenyewe haniachi!

Kemuma akasema kuna maelezo ya namna ya kutumia Tinda, kurasa chache tu, nisome. Nikamwambia fundi hasomi maelezo. Akanyamaza. Baadaye kidogo akaomba kompyuta nilipokuwa nakwenda kunywa chai. Kemuma akinyamaza huwa si dalili njema, lakini chai ilikuwa moto na sikutaka ipoe.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimewaandikia watu wa Tinda. Sikuandika kama mimi, hapana. Niliandika kama Mkurugenzi Mkuu wa Onsongo Global Studios, yenye matawi Sosiot, Bomet na Dubai. Kwa Kiingereza kizito niliwataka waeleze mara moja kwa nini kipande chao kinaharibu mradi wa serikali.

Hiyo ilikuwa saa ambayo nilipaswa kuwa kwa Kogo Rodah na jembe. Nilimtumia ujumbe kwamba tumbo linaniuma vibaya. Akajibu pole sana mtoto wangu. Muda si mrefu akaja mtu wa boda boda na chupa ya mursik, yale maziwa yao yaliyolala pamoja na unga wa mkaa, eti ninywe tumbo litulie. Nilikunywa yote. Tumbo lilitulia, ingawa halikuwa na shida.

Jibu la Tinda likaja kabla sijamaliza chupa. Limeandikwa na mama mmoja wa Ufilipino anayeitwa Pilar, ambaye ndiye mwangalizi wa ile stoo. Hakunitukana. Hakuulizia tawi la Dubai. Alisema asante sana kwa kuwaambia, kasoro ni yao. Mfuasi huchanganyikiwa akitolewa na kubandikwa upya, na hakuna mtu aliyekuwa amegundua hilo. Wameshamrekebisha, nichukue toleo jipya. Mwisho akauliza kama huko kwetu chai imefanya vizuri mwaka huu.

Niliisoma barua hiyo tena nikitafuta ujanja wake. Sikuupata. Mtu asiyenijua ameacha shughuli zake anishughulikie, na hataki kitu. Nusura nione haya.

Nikaanza kushusha toleo jipya. Na mvua ikaanza. Si mvua tu, mvua ya mawe, ile inayopasua majani ya chai kama imetumwa. Shusha, shusha, imebaki kidogo tu... stima ikapotea! Betri ya kompyuta yangu ilishakufa zamani, kwa hiyo skrini ikawa giza papo hapo. Nikangoja. Haikurudi. Kijiji kizima hakina stima, baraza ni kesho, na Kipkemboi yumo humo ndani anakimbia.

Ijumaa, 8 Agosti

Lazima niandike yote kabla sijalala.

Stima ilirudi saa ya baraza ikiwa imewadia. Hakukuwa na muda wa kushusha kitu. Nikaifunga televisheni kwenye boda boda kwa kamba ya ng'ombe, mimi nikaikumbatia kwa nyuma, kompyuta kwenye mkoba shingoni. Kituoni watu walikuwa wamejaa kuliko siku ya kulipwa bonasi ya chai. Wengine wamekalia magunia, wengine wameegemea nguzo. Mama yuko mbele na Kogo Rodah. Kipkemboi naye yuko mbele, amevaa koti, na mfukoni mwa koti kuna utepe wa kupimia. Alikuwa ameshakuja kupima chumba changu!

Naibu chifu akanipa nafasi. Nikasema maneno mazito. Nikasema kila herufi ya gemu hii nimeiandika mwenyewe, kwa mikono hii, bila msaada wa mtu yeyote duniani. Mama akatazama chini. Kemuma akakohoa.

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Karani wa gemu anaanzia mbali, kule getini. Mimi nichune haraka haraka, kikapu kijae, kengele ilie, nizime kabla hajafika. Nikachuna kama mwendawazimu. Kichaka cha kwanza nikakimaliza chote, majani machanga kwa makuukuu, kikabaki kijiti. Nikahamia cha pili. Kijiti. Cha tatu nacho hivyo hivyo. Kengele ikalia. HONGERA, MKULIMA BORA!

Hakuna aliyepiga makofi.

Kisha mtu akasimama akapiga kelele. Mama yangu! Mama yangu mzazi! "Noah! Umeua chai!"

Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Mtoto yeyote wa huku, hata asiyejua kusoma, anajua kwamba unachukua majani mawili na chipukizi, basi, kilichobaki unakiacha kikue. Nami niliyezaliwa katikati ya chai nimetengeneza gemu inayompongeza mtu anayenyoa kichaka hadi kijiti! Mzee mmoja akasema sasa ameelewa ni kwa nini chai yake inafanana na ufagio tangu shule zifungwe. Mwingine akauliza kama hii ndiyo elimu tuliyoambiwa. Naibu chifu akachukua kofia yake akaanza kuivaa. Kipkemboi alikuwa ameketi akitabasamu lile tabasamu lake, mkono mmoja mfukoni, juu ya utepe. Nilikiona kibanda changu kimejaa dawa za kupe. Nilitaka kulia.

Na hapo akafika Kipkemboi wa pili.

Nilikuwa nimesahau kuzima. Alitokea pembeni mwa skrini, kichwa kikubwa, miguu mifupi, akikimbia juu ya chai huku akitabasamu. Akamfikia mchunaji, akamgusa, na kikapu chote kikamwagika. Sifuri.

Wa kwanza kucheka alikuwa Kogo Rodah. Alicheka hadi leso ikamdondoka. "Ni karani! Umeleta majani mbaya, sasa anakukimbiza! Haki, hii kitu inafundisha!" Basi baraza zima likaelewa hivyo. Watu wakapiga kelele, wakapigana mabega. Wakasema kijana wa Mongina ana akili, kwanza anakuonyesha kosa, halafu anakuonyesha adhabu. Nami nikasema ndiyo, hilo ndilo lililokuwa lengo langu tangu Jumatatu.

Kogo akataka kucheza. Nikampa pedi ya kuchezea, nikamwonyesha pa kubonyeza. Alichuna polepole, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, kama anavyochuna kila asubuhi. Karani akaja mbio vilevile, akamwaga vilevile! Sasa wataelewa kwamba ni kasoro. Lakini Kogo akawageukia watu. "Si mnaona? Hata nikileta safi, huyu bado anamwaga. Ni Kipkemboi kabisa!"

Watu walishika mbavu. Kuna aliyeanguka kutoka kwenye gunia na hakuna aliyemwinua.

Nikamtazama Kipkemboi wa kweli. Tabasamu lilikuwa limekwisha. Alisimama, akaja mbele, akaniuliza ni nani aliyenipa ruhusa ya kutumia uso wake. Nikasema hakuna uso wa mtu hapo, ni mfano tu. Akanyoosha mkono. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua alikuwa ameshachukua pedi.

Alicheza. Alikimbia huku na huko, akajificha nyuma ya ng'ombe, akajikamata mwenyewe. Akacheza tena, akajikamata tena. Alipojikamata safari nyingine alicheka, kicheko ambacho hapo kituoni hakijawahi kusikika, akasema kumbe ndivyo mnavyoniona. Mama akamwambia ndiyo baba, ndivyo tunavyokuona, na gunia langu la mwezi jana sijalisahau. Akainamisha kichwa. Kisha akaniambia yeye hakimbii ovyo namna hiyo, na nimvalishe kofia, jua la kituoni ni kali.

Naibu chifu akavua yake. Akatoa uamuzi. Kibanda kibaki. Kifunguliwe mchana tu, majani yakishapimwa. Na kabla ya baraza lijalo, gemu ijue majani mazuri na mabaya, mkulima asimwagiwe bure. Watu wakapiga makofi. Mimi nikakaa chini kwenye gunia. Machozi yalinitoka, ya furaha. Nayaandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Nilidhani yameisha. Gemu ikafika mwisho, skrini ikaanza kupandisha majina! Kemuma! Alikuwa ameyarudisha yote Jumatano nikinywa chai. Pilar wa Ufilipino. Mtu wa Poland. Mtu wa Brazili. Mwanafunzi wa Kano. Yakapanda, yakapanda, marefu kama kamati ya harusi, na langu halikuwemo. Naibu chifu akauliza hawa wote ni akina nani, na si nilisema niliandika bila msaada wa mtu yeyote duniani?

Ulimi wangu hufanya kazi peke yake. Ukasema hiyo ni risaga yangu.

Wazee wakaelewa mara moja, wakaitikia kwa vichwa. Yaani majirani walikuja na majembe yao, wakalima, wakaenda. Kogo Rodah akasema hata kwao Wakipsigis jambo hilo lipo, ila jina ni jingine. Halafu akaniangalia, na nikalijua swali kabla halijatoka mdomoni. "Na wewe, kwao ulienda kulima siku gani? Ama siku hiyo pia tumbo ilikuwa inauma?"

Baraza likacheka tena, safari hii bila mimi. Nikaahidi mbele ya watu wote. Jumatatu asubuhi niko kwa Kogo na jembe. Na watu wa Tinda nitawarudishia zamu yao.

Jumamosi, 9 Agosti

Sabato. Tulipokuwa tunatoka kwenda kanisani simu ikalia. Ujumbe wa Tinda. Niliona maneno ya mwanzo tu: Ndugu Mkurugenzi, tumeiona gemu yako... Mama akaichukua simu akaifungia kabatini. Sabato ni Sabato. Nitaipata jua likitua.

Wameiona! Wameionaje? Kemuma alikuwa kwenye kwaya, na kila nilipomtazama aliangalia kitabu cha nyimbo. Basi wameona kwamba niliyafuta majina. Wameitafuta Dubai na hawakuipata. Nitashtakiwa. Watachukua kompyuta, watachukua televisheni, na kibanda nilichokiokoa jana kitakwenda leo. Na mhubiri je? Mahubiri yalikuwa juu ya amri ya nane! Usiibe! Nina hakika alikuwa amepigiwa simu.

Nilitubu kwa mafungu. Asubuhi nilitubia majina. Baada ya chakula nikatubia Dubai. Alasiri nilipanga kukimbilia kwa mjomba Mogogosiek, huko hawatanipata. Nikaapa moyoni kwamba nikiokoka safari hii nitayasoma maelezo ya Tinda yote, ukurasa kwa ukurasa, hata maandishi madogo.

Jua likatua. Mama akafungua kabati taratibu kuliko ilivyo lazima. Nikasoma.

Walikuwa wanacheka! Kemuma aliwatumia video ya baraza. Pilar anasema aliitazama na nyumba nzima, na baba yake akaomba irudiwe pale karani anapotokea. Wanauliza kama ninaruhusu waiweke kwenye ukurasa wao, ili watu waone vipande vyao vimefika wapi. Hakuna kesi. Hakuna Dubai. Na mwishoni, kwa kuwa nilitoa taarifa ya kasoro ya Mfuasi, jina langu limeongezwa kwenye orodha ya waliosaidia.

Noah Onsongo, Sosiot. Lipo! Sikulibandika mimi, wameliweka wao. Nilivuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Nikamwonyesha mama. Akaisogeza simu mbali, akaisogeza karibu, akasoma, akasema vizuri, sasa wewe nawe ni jirani yao. Nikatoka nje nikasimama kwenye baridi bila koti. Hakuna kilichobaki kifuani, hofu yote imeondoka. Namshukuru Mungu, namshukuru Pilar, na kwa shingo upande namshukuru Kemuma. Kuanzia leo mimi ni mtu mwingine.

Jumatatu, 11 Agosti

Mtu mwingine aliamka mapema. Jembe nililinoa jana. Nilikuwa nimeshaliweka begani, mguu mmoja nje, nilipofungua simu kuitazama ile orodha. Mara moja tu, nione jina langu kabla ya jasho.

Niko chini kabisa. Chini! Mwanafunzi wa Kano yuko juu yangu. Mtu wa Poland yuko juu yake. Nikamuuliza Kemuma ni nani aliyeipanga vibaya namna hiyo. Akasema inajipanga yenyewe. Aliyetoa taarifa ya kasoro nyingi zaidi anakuwa juu. Mimi nimetoa moja.

Nikaliteremsha jembe.

Moja! Hiyo ni aibu kwa Sosiot yote. Nimevikagua vipande vyao asubuhi nzima, na shida ya hawa watu ni kwamba wanaandika vizuri mno, kasoro hakuna. Basi lazima mtu azitengeneze. Nitaviharibu kimoja kimoja hapa kwangu, nitatoa taarifa, watarekebisha upesi kama kawaida yao, nami nitapanda. Kila mtu atakuwa na kazi. Si hiyo ndiyo risaga? Kemuma akasema kipande ulichokiharibu mwenyewe hakihesabiwi, imeandikwa kwenye maelezo. Nikamwambia fundi hasomi maelezo.

Naanza na mlango. Unafunguka kila ukikaribiwa, bila kosa. Hilo haliwezi kuendelea.

Kogo Rodah nimemtumia ujumbe kwamba tumbo limerudi. Hajajibu. Mursik pia haijafika. Ila kuna mtu namwona dirishani, amekatiza katikati ya chai, anakuja huku mbio, leso inapepea, na begani amebeba majembe mawili.

Nitazima kompyuta. Labda atasimama.